Vipande Vitatu vya Bati

Septemba, mvua ilipoanza kupima mabega ya Goma,
fundi Bauma alitundika vipande vitatu vya bati
kwenye ua wa garaji yake kule Ndosho,
kila kimoja na rangi yake, akavikaza kwa waya.
"Sasa nenda nyumbani," akaniambia.
"Rangi haichaguliwi kwa macho ya siku moja."

Nilikuwa nimekuja na dola ndani ya soksi
na jibu tayari mdomoni: nyekundu.
Nyekundu ya Pijo ya mama, 404 ya mgongo wazi,
ikiteremka Sake na magunia ya maharagwe,
mama usukanini, redio imekufa,
yeye akiimba badala yake.

Mwaka ule lava ilipoingia mjini
ilisimama hatua kumi na moja nyuma ya gari.
Haikuigusa. Iliitazama tu,
na mlango wa kushoto ukatoka malengelenge
kama mkono ulioshika sufuria.
Kisha turubai, miaka ishirini,
kuku wakiatamia kwenye kiti cha dereva.

Leo injini imerudi. Breki zimerudi.
Hata honi, ingawa inakohoa.
Imebaki ngozi.

Jirani wana maneno. Nyeupe? Watadhani ni ya shirika,
watapanga foleni na ndoo zao.
Njano ni teksi. Kijani kile
kitakusimamisha kwenye kila kizuizi hadi Masisi.
Bauma hakujibu. Alinyoosha kidole mlimani,
kule moshi unakolala juu ya wingu.
"Mvua yetu si maji matupu," akasema.
"Uliza mabati ya Majengo. Uliza misumari."

Kipande cha kwanza: nyekundu ya duka la Birere,
bei nafuu, tamu kama peremende.
Novemba ilikuwa chokaa.
Cha pili kiling'aa kama kiatu cha bwana harusi,
vanishi juu, dola tisini kopo moja;
Januari maji yalipenya pale waya ulipokwaruza,
ganda zima likavuka, kimya, kama la ndizi.
Cha tatu kilipakwa masalio ya rangi ya boti,
kutoka Kituku: makopo mawili, unayachanganya,
una saa moja tu kabla hayajawa jiwe.
Harufu inaliza macho. Rangi yenyewe
ni kijivu cha tumbo la samaki.
Machi nilikimwagia maji, nikafuta majivu.
Kilikuwa kama kilivyozaliwa.

Nikaomba: basi mlango wa kushoto uniachie,
na malengelenge yake.
"Kutu haina kumbukumbu, dada," Bauma alisema,
"ina njaa tu."
Akachukua msasa.

Chini ya nyekundu kulikuwa na buluu.
Chini ya buluu, rangi ya maziwa yaliyochacha.
Na mama alituapia
kwamba ilizaliwa nyekundu.
Nilisimama pale na unga wa rangi tatu viatuni,
nikaanza kucheka, Bauma akazima kompresa
akidhani nalia.

Alipulizia asubuhi, kabla ya upepo wa ziwani.
"Bunduki hii haiui," akawaambia watoto ukutani,
wakasogea, wakaziba pua.

Mama mdogo Kavugho alikuja Jumapili,
akaizunguka mara mbili, akachezesha ulimi.
"Gari gani hili lisilo na rangi?"
Mvua ikatujibia. Tulikimbilia barazani
tukaitazama ikipigwa,
matone yakijikusanya, yakiteleza, yakiondoka
bila kuchukua kitu.

Kile kipande cha kwanza nilikiomba.
Kinaning'inia jikoni, karibu na chumvi.
Nikipitisha kidole,
kidole bado kinatoka chekundu.